Utumishi wa Vijana: Ni Khidma au ni Shokoa?

Sifa njema zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema.

Ama baada ya hayo. Wametuuliza baadhi ya wazazi wa Mombasa, Malindi na Lamu, wengine kwa barua na wengine kwa mdomo, suala moja: Je, yafaa serikali iwalazimishe vijana wote waliotimia miaka 18, wa kiume na wa kike, waende kambini kulitumikia taifa kwa muda, wapende wasipende? Na je, mzazi Mwislamu ana haki ya kumzuia mwanawe asiende? Wametuuliza sisi kwa kuwa darasa letu liko Nakuru, na kambi kubwa wanakofundishwa makuruta iko Gilgil, jirani yetu, baina ya Nakuru na Naivasha. Wao huwaona vijana wakipanda basi kuja huku bara. Sisi huwaona wakisha kufika.

Suala hili si dogo. Ndani yake mna haki ya mtawala juu ya raia, na haki ya mzazi juu ya mwana, na haki ya kijana juu ya nafsi yake, na juu ya zote hizo iko haki ya Mwenyezi Mungu. Mwenye kujibu kwa haraka, akasema ndiyo au la, atakuwa ameidhulumu mojawapo. Basi tutaeleza kwanza khabari yenyewe ilivyo, kisha tutazisikiliza hoja za pande mbili, kisha tutazipima kwa mizani ya dini, na mwisho tutasema tuonavyo.

Khabari yenyewe ni hii. Huduma ya Vijana kwa Taifa, ile ambayo wengi huiita kwa herufi zake NYS, iliundwa kwa sheria mwaka 1964, nchi ilipokuwa na umri wa mwaka mmoja tangu kupata uhuru. Vijana wengi walikuwa hawana kazi wala elimu, na wakubwa wakakhofu wasije wakawa moto usiozimika. Wakakusanywa, wakavishwa sare, wakafundishwa gwaride, kisha wakapewa sepeto na matingatinga wakajenga barabara na kulima mashamba, na baadaye wakafundishwa ufundi. Mkuu wake wa kwanza, Geoffrey Griffin, aliishika kazi hiyo mpaka mwaka 1988. Mpango huu ulikuwa wa khiyari, na hata leo kijana huingia kwa kutaka kwake, akakaa Gilgil miezi kadhaa ya mafunzo ya mwanzo, kisha akapelekwa penye kazi au penye ufundi.

Lakini uko wakati ambapo khiyari iliondoka. Baada ya jaribio la kuipindua serikali la tarehe 1 Agosti 1982, Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa kwa zaidi ya mwaka mzima, na wakubwa wakaona wanafunzi wamekosa adabu. Basi kuanzia mwaka 1984 ikawa kila aliyefaulu kuingia chuo kikuu hana budi kupita kwanza katika kambi za Huduma hii. Watoto wa pwani waliokulia penye joto la bahari wakaamshwa alfajiri katika baridi ya Gilgil, mahali palipo juu ya bahari kwa kadiri ya mita 2000, wakakimbizwa na kupigishwa kwata. Amri hiyo ilidumu mpaka mwaka 1990, ikaondolewa. Tangu hapo, kila vijana wanapofanya fujo, au kura zinapokaribia, husikika sauti ikisema: irudishwe ile lazima, tena safari hii iwe kwa wote.

Sasa na tuwasikilize wanaoitaka lazima, kwani insafu ni kuisikia hoja ya mwenzio kabla ya kuijibu.

Hoja yao ya kwanza ni umoja. Wasema: nchi hii ina makabila zaidi ya arubaini, na kijana wa leo huweza kuzaliwa, kusoma na kuoa asile sahani moja na mtu wa kabila jingine. Akija mwanasiasa akamwambia jirani yako ni adui, ataamini, kwa kuwa hamjui jirani yake. Na sisi watu wa Nakuru hatuwezi kuidharau hoja hii. Mwezi wa Januari 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, tuliyaona kwa macho yetu. Mjini Nakuru na Naivasha vijana walishika mapanga na rungu, wakasimama njiani wakiuliza watu majina yao na lugha zao, na jina likawa ndiyo hukumu ya kufa. Uwanja wa maonyesho wa Nakuru ukajaa maelfu ya watu waliofukuzwa majumbani mwao. Katika nchi nzima walikufa zaidi ya watu 1,100. Anayesema kuwa vijana wale wangalilala chumba kimoja, wakala chungu kimoja na kuchimba mtaro mmoja, huenda mikono yao ingalizuilika, hasemi upuuzi.

Hoja yao ya pili ni haja. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, maji yalishuka kwa kishindo Mai Mahiu, hapa Bonde la Ufa, yakachukua nyumba na watu waliolala, wakafa zaidi ya hamsini. Nchi yenye mafuriko, ukame na magonjwa yahitaji mikono mingi iliyofundishwa kuokoa, kubeba na kufunga majeraha. Mikono hiyo itatoka wapi ikiwa vijana hawakufundishwa?

Hoja yao ya tatu, nayo ndiyo nzito kuliko zote, ni usawa. Wasema: mkiuacha utumishi uwe wa khiyari, atakwenda mtoto wa maskini peke yake, kwa kuwa hana pengine pa kwenda. Mtoto wa tajiri atapelekwa kusoma Uingereza au Malaysia, na hatashika sepeto maisha yake yote. Kisha atarudi awe mkubwa wa yule aliyeishika. Lazima peke yake ndiyo itakayowasimamisha wawili hawa katika safu moja, kama wanavyosimama msikitini.

Hizo ndizo hoja zao, na kila moja ina ukweli ndani yake.

Ama wanaokataa, nao wana lao la kusema. Wa kwanza wao hukumbuka historia. Neno kulazimisha lina harufu mbaya katika udongo huu. Vita vya mwaka 1914 vilipozuka, watu wa nchi hii walikamatwa vijijini wakatiwa katika jeshi la wapagazi, wakabeba mizigo ya Waingereza mpaka Tanganyika, na makumi ya maelfu hawakurudi. Vita vilipokwisha, mwaka 1919, Gavana Northey alitoa waraka akiwataka maofisa na machifu wawahimize vijana kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, na mashamba mengi ya walowezi hao yalikuwa katika nchi hii hii ya Nakuru, Njoro na Naivasha. Neno lilikuwa ni kuhimiza, lakini aliyehimizwa na chifu mwenye askari alijua maana yake. Na huko kwetu pwani, Wagiriama walioinuka mwaka 1913 na 1914 pamoja na Mekatilili wa Menza walikataa, miongoni mwa mengine, vijana wao kuchukuliwa kwenda kuwafanyia kazi wageni. Kazi ya namna hiyo wazee wetu waliiita shokoa. Shokoa ni kazi aifanyayo mtu bila ya ridhaa, faida yake ikaenda kwa mwingine.

Wa pili huuliza kama lazima ile ya zamani ilileta kilichokusudiwa. Iliwekwa ili wanafunzi wapate adabu na utiifu. Lakini mwezi wa Novemba 1987, wakati ambapo lazima ilikuwa katika nguvu zake, Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa tena kwa sababu ya ghasia. Kumbe miguu hufundishwa kwenda pamoja kwa gwaride, lakini nyoyo hazifundishwi hivyo. Na tena, lazima ile haikuwashika vijana wote. Iliwashika waliofaulu tu. Ilikuwa kama adhabu iliyovishwa nguo ya ibada.

Wa tatu ni wazazi wetu, nao hukhofia dini. Wasema: mwanangu ataswali saa ngapi? Atakula nini? Binti yangu atalala wapi, na ni nani atakayemwamrisha? Wengine husema maneno makali zaidi: nchi hii haikututendea insafu sisi watu wa pwani, ardhi zetu zimechukuliwa na kazi zimepewa wengine, sasa wataka na watoto wetu?

Tukisha kuzisikia pande mbili, na tuirudie dini yetu tuone yasemaje.

Jambo la kwanza tulionalo ni kwamba Uislamu haukukanusha kwamba jamii ina haki juu ya kijana. Wanazuoni wetu wamezigawa faradhi mafungu mawili. Iko faradhi iliyo juu ya kila mtu kwa nafsi yake, kama swala na saumu. Na iko faradhi ya kutosheleza, ambayo wakiisimamia watu wa kutosha wengine huondokewa na dhambi, na wasipoisimamia watu wa kutosha, hupata dhambi wote wenye uwezo, kama kumwosha maiti na kumzika. Wengi wetu hudhani fungu hili la pili ni la maiti tu. Sivyo. Imamu Ghazali ameeleza kwamba uganga wa kutibu, na ukulima, na ufumaji, na kila kazi ambayo watu hawawezi kuishi bila yake, ni faradhi ya kutosheleza. Na Imamul-Haramain Juwaini, mwalimu wake, naye ni miongoni mwa nguzo za madhehebu yetu ya Shafi, alimpandisha cheo mwenye kuisimamia faradhi hii, kwani mwenye kuswali hujiokoa mwenyewe, na huyu huwaokoa wenziwe wote na dhambi.

Basi kujenga daraja, kuchimba kisima, kuokoa watu wa mafuriko na kumfundisha asiyejua kusoma, yote yamo humo. Asemaye kwamba utumishi wa nchi haumkhusu Mwislamu amekosea.

Jambo la pili ni kwamba faradhi ya kutosheleza haiwafanyi watu wote kutoka pamoja. Katika Sura ya Tauba Mwenyezi Mungu ametufunza kwamba haiwapasi waumini kutoka wote kwenda vitani, bali kitoke kikundi katika kila kundi, na wengine wabaki kujifunza dini. Tazama hikima hiyo. Ikiwa vita penyewe, katika zama za Mtume, havikuwa vya kila mtu kila wakati, vipi itakuwa kulima na kujenga? Hata hivyo ukija wakati wa dharura na mkubwa akawaita watu wote, hukumu hubadilika. Mtume (S.A.W.) alipowaita watu kwenda Tabuk, Kaabu bin Malik alibaki nyuma bila ya udhuru, na watu wakaamrishwa wasiseme naye kwa siku hamsini mpaka ilipoteremka toba yake. Kwa hivyo lazima ipo katika dini. Lakini imefungwa na dharura, nayo dharura hupimwa kwa kadiri yake wala haizidishwi.

Jambo la tatu ni namna Mtume (S.A.W.) alivyoitekeleza lazima hiyo. Mwaka wa tano wa Hijra maadui walipokuja kuizunguka Madina, alishauriwa lichimbwe handaki, akawapa masahaba sehemu zao wachimbe. Lakini yeye hakukaa kivulini. Alichimba pamoja nao, akabeba mchanga mpaka vumbi likamfunika tumbo, na njaa iliyowashika wao ilimshika yeye. Waliokuwa na haja ya kweli waliomba ruhusa wakapewa, na wanafiki ndio waliotoroka kwa kujificha. Na tena aliangalia umri. Abdalla bin Omar alipotaka kutoka siku ya Uhud akiwa na miaka 14 alirudishwa; alipotaka kutoka siku ya Handaki akiwa na miaka 15 akakubaliwa. Na mtu mmoja alipomjia akitaka kwenda vitani, alimwuliza kama wazazi wake wako hai. Aliposema ndiyo, alimrudisha akafanye juhudi yake katika kuwatumikia wao. Vipofu, vilema na wagonjwa wameondolewa lawama na Kurani yenyewe.

Na wanawake je? Rufaida wa kabila la Aslam alikuwa na hema penye msikiti wa Mtume, akiwatibu waliojeruhiwa, na Saad bin Muadh alipopigwa mshale katika vita hivyo vya Handaki alipelekwa kwake. Wanaosema kwamba binti wa Kiislamu hana utumishi nje ya jiko hawakuisoma sira ya Mtume wao. Lakini Rufaida alitumikia katika sitara yake na heshima yake, na hilo nalo ni sharti.

Kutokana na hayo twayatoa masharti yanayoitenga khidma na shokoa. Iwe kwa haja inayojulikana, si kwa kuwatia watu adabu ya kisiasa. Iwe kwa muda uliotajwa wenye mwisho. Iwe kwa wote sawasawa, na mkubwa aanze na nafsi yake na mwanawe. Mwenye kazi alipwe ujira wake kabla jasho lake halijakauka, kama tulivyofunzwa. Dini ya kila mtu ihifadhiwe, kwani hapana kumtii kiumbe katika kumuasi Muumba. Na faida yake irudi kwa umma, isiingie mfukoni mwa mtu.

Likikosekana moja katika haya, ndipo madhara yanapoingia. Tazama Eritrea, kando ya Bahari ya Shamu. Sheria yao ya mwaka 1995 iliweka utumishi wa miezi 18. Vikaja vita baina yao na Ethiopia mwaka 1998, na miezi 18 ikawa miaka isiyohesabika. Watu wakaingia vijana wakaota mvi ndani yake, na maelfu kwa maelfu wakaikimbia nchi yao, wengine wakafa jangwani na baharini. Hapo lilikosekana sharti moja tu mwanzoni, nalo ni muda. Kisha yote mengine yakafuata.

Tazama na jirani zetu wa Tanzania. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963. Mwaka 1966 serikali ilipotaka kuwalazimisha wasomi, wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana Dar es Salaam tarehe 22 Oktoba, wakilalamika, pamoja na mengine, kwamba sehemu kubwa ya mshahara wao ingekatwa. Rais Nyerere akawafukuza karibu mia nne. Watu wengi hukumbuka hilo la kufukuzwa, nasi hatusemi kwamba lilikuwa jema. Lakini siku ile ile alifanya na jambo la pili: aliukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na wa mawaziri wake. Lazima ile ilikaa mpaka ikasimamishwa mwaka 1994, na iliporudishwa mwaka 2013, baadhi ya wabunge vijana waliingia kambini wao wenyewe wakavaa sare. Huenda mtu akaikubali lazima hiyo au akaikataa, lakini hawezi kusema kwamba wakubwa hawakuligusa jembe.

Sasa na tuitazame nchi yetu. Je, masharti haya yapo? Haja ipo, hatukatai. Lakini sharti la amana liko wapi? Mwaka 2015 iliwafikia watu khabari ya shilingi milioni 791 zilizopotea katika Huduma hii hii ya Vijana. Hata mwaka 2018 watu kadhaa, wakiwamo maofisa wa serikali, walifikishwa mahakamani kwa madai ya fedha zilizotajwa kufikia karibu shilingi bilioni tisa. Kijana anachimba mtaro kwa posho ndogo, na mali iliyotengwa kwa jina lake inaliwa na watu waliokaa penye viti vya kuzunguka. Baada ya vita vya Khaibar alikufa mtumishi mmoja wa Mtume, watu wakasema hongera kwake kwa kufa shahidi. Mtume (S.A.W.) akawakataza, akawaeleza kwamba joho alilolichukua katika ngawira kabla haijagawanywa lamwakia moto. Ikiwa hivyo ndivyo kwa joho moja, itakuwaje kwa mamilioni?

Na Mwenyezi Mungu ametusimulia khabari za Dhul-Karnaini. Watu walimwendea wakamwomba awajengee ukuta wa kuwazuia Yajuju na Majuju, wakataka kumpa mali. Akawaambia kwamba aliyopewa na Mola wake ni bora zaidi, na alichotaka kwao ni nguvu zao tu. Mtawala huyo alichukua nguvu za watu akaacha mali yao, na ukuta ukasimama. Mtawala anayechukua nguvu zao na mali yao pamoja, kisha ukuta usisimame, hana hoja ya kuwalazimisha watoto wa watu.

Ama ile hoja nzito ya usawa, jawabu yetu ni kwamba sheria ya lazima haileti usawa mahali ambapo cheti cha daktari chanunuliwa na jina huondolewa kwa simu moja. Katika nchi ya namna hiyo mtoto wa tajiri hatakwenda hata mkiandika lazima kwa wino wa dhahabu, na maskini ambaye leo ana khiyari ataipoteza. Na hapa twataka kutahadharisha juu ya lazima nyingine isiyoitwa lazima. Viongozi wametangaza kwamba waliopita katika Huduma hii watatangulizwa katika kuandikwa kazi za vikosi vya nchi. Kumlipa mtumishi ni haki. Lakini mlango wa riziki ukiwa mmoja, kuingia humo si khiyari tena. Na kijana aliyebaki nyumbani kumwuguza mamaye, ambaye Mtume alimpa udhuru, asifungiwe riziki yake kwa sababu hiyo.

Kwa hivyo jawabu letu kwa suala la kwanza ni hili: katika hali ilivyo leo hatuoni kwamba yafaa kuwalazimisha vijana wote kwa sheria. Na kwa suala la pili: mzazi ana haki ya kuuliza khabari za swala, chakula na malazi, na kuyataka hayo kwa nguvu zote za heshima, lakini hana haki ya kumzuia mwanawe kwa kuwachukia watu wa bara au kwa kumwonea huruma ya baridi. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Lakini, ndugu zetu, msifurahi upesi, kwani jawabu haijesha. Tumesema serikali isilazimishe. Hatukusema faradhi imeondoka. Faradhi ingali juu ya shingo zetu, na asiyetaka kulazimishwa na mtu, na ajilazimishe mwenyewe mbele ya Mola wake. Sisi watu wa pwani tumezoea kulalamika kwamba hatumo. Haki zetu zilizochukuliwa tutazidai, na kudai haki si dhambi. Lakini je, kila pale tusipokuwamo, tumefukuzwa, au pengine tumekaa wenyewe? Mtoto amalizapo mtihani wa kidato cha nne mwezi wa Novemba, hukaa miezi mingi akingoja matokeo na chuo. Miezi hiyo huipitisha wapi? Wengi huipitisha barazani, na simu mkononi na miraa shavuni, mpaka wauza unga wakamwona kabla ya imamu wa mtaa hajamwona. Na baba yake, ambaye alikataa mwanawe asiende Gilgil kwa kukhofia dini yake, haoni khofu kwa dini iliyokaa penye kona ile.

Basi twataka kila msikiti wenye darasa uifanye miezi hiyo kuwa ya khidma. Vijana na waandikwe kwa khiyari zao, kwa muda uliotajwa, waume mbali na wake mbali, na watoto wa wenye maduka wawe wa kwanza kuandikwa, ili maskini waone. Wapande mikoko ufuoni, wazibue mitaro ya Mji wa Kale kabla ya mvua za masika, wawasomee wazee wasioona, wajifunze kufunga majeraha na kuokoa waliozama. Wala wasiwakhudumie Waislamu peke yao, kwani jirani ana haki yake, dini yake iwayo yote. Na sisi tulioko Nakuru tuko tayari kuwapokea wale watakaotaka kuja huku, wakae majumbani mwetu, wafanye kazi pamoja na vijana wa huku wa kila kabila. Na wetu wataletwa kwenu. Hivyo ule umoja unaotafutwa kwa amri utapatikana kwa ukarimu, na ukarimu watu wa pwani hawahitaji kufundishwa.

Ama watoto wetu walioingia Gilgil kwa kutaka kwao, msiwaite waliopotea. Wamesimama mahali petu. Waandikieni, muwaombee dua, nasi wa huku tutafanya tuwezalo wapate mahali pa kuswali Ijumaa na mtu wa kufturu naye mwezi wa Ramadhani. Wakirudi, waulizeni walilojifunza, na muwape la kufanya.

Tukifanya hayo, siku itakapokuja sauti ya kutaka lazima, tutakuwa na uso wa kuikataa, kwani vijana wetu watakuwa wako kazini tayari. Tusipofanya, tukakataa lazima na khidma pamoja, tutakuwa tumedai uhuru wa kukaa bure, na uhuru huo hakuna mtu aliyeufia.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaongoze wakubwa wetu kwenye amana, na awatie vijana wetu nguvu za miili na nyoyo, na atuwafikishe sote kwa ayapendayo na kuyaridhia. Amin. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.